Kabla Uwanja Haujafagiwa

Akina mama wenzetu wa hapa Ilomba wana swali moja ambalo wametuuliza sokoni, kwenye bajaji na hata tukitoka ibadani: "Huyo binti yenu amekwenda Arusha kusomea nini hasa, hata akawaachia wajukuu?" Tukiwajibu kwamba anasomea shahada ya uzamili katika usalama wa mtandao na uchunguzi wa ushahidi wa kidijitali, wengi huitikia, "Haya, Mungu amsaidie," kisha hugeuzia maneno kwenye bei ya viazi. Hatuwalaumu. Mtu akisema mwanawe anasomea uuguzi, kila mama humwona yule mtoto amekwisha kuvaa sare nyeupe. Lakini masomo haya hayana sare, na jina lake ni refu. Kwa hiyo tumeona tuwaandikie, maana jambo lenyewe linazihusu nyumba zetu kuliko jina lake linavyoonyesha.

Sisi ni mume na mke, umri umesogea kidogo, na nyumba yetu iko karibu na barabara kuu iendayo Tunduma, ambayo malori yake hayanyamazi usiku wala mchana. Binti yetu ameolewa Mafinga. Mumewe ni mwalimu wa shule ya msingi, naye mwenyewe alikuwa akifundisha kompyuta katika sekondari. Wana watoto wawili, wa kike miaka minane na wa kiume miaka minne. Mama yao alipopata nafasi ya kusoma, wazazi wale wawili walikaa, wakapiga hesabu, wakatuletea shauri: watoto waje kwetu kwa miezi 18, baba yao awe anakuja kila mwisho wa mwezi. Tulikubali.

Masomo hayo yana sehemu mbili. Ya kwanza ni kulinda, yaani kufuli, ua na mbwa wa nyumba, ila nyumba yenyewe ni benki, hospitali, ofisi ya serikali au simu yako. Ya pili ndiyo iliyomvuta binti yetu. Nayo hufananishwa vizuri na uwanja wa nyumba. Mwizi akiingia usiku, asubuhi nyayo zake zipo mchangani, utaona alikopitia, na kama alivaa viatu au alikuja peku. Lakini mwanamke wa nyumba akiamka na kufagia uwanja kama kawaida yake, mjumbe akija hakuna cha kuona. Mchunguzi wa ushahidi wa kidijitali ni mtu anayekuja kusoma nyayo zilizoachwa ndani ya simu na kompyuta, na ombi lake la kwanza ni kwamba uwanja usifagiwe.

Tulianza kulielewa hilo mwaka 2018, kabla binti hajawaza uzamili. Katika mtaa wa jirani kulikuwa na kikoba cha akina mama ishirini na kitu. Mweka hazina wao alikuwa mama mmoja mwaminifu, mwimbaji wa kwaya, na fedha za kikundi alizitunza kwenye laini yake ya simu. Ijumaa moja jioni simu yake ilipoteza mtandao. Akadhani ni minara tu, maana mvua ilikuwa ikinyesha. Jumamosi akaenda kwa wakala na kuambiwa laini yake imekwisha kurudishwa kwenye kadi nyingine tangu jana, na salio ni shilingi mia chache. Mwizi alijua namba ya siri. Haikuwa kazi ngumu, kwa kuwa ilikuwa mwaka aliozaliwa kifungua mimba wa yule mama, na jambo hilo lilijulikana na watu wengi.

Mnaweza kukisia yaliyofuata. Kikao kiliitwa. Wapo waliolia, na wapo waliosema waziwazi kwamba amezila. Mumewe, kwa nia njema kabisa, aliichukua ile simu akampelekea fundi ili "aisafishe virusi". Fundi akaiflashi, ikarudi kama mpya, haina ujumbe hata mmoja. Kama mwizi alikuwa amempigia mama yule siku chache kabla, au kumtumia ujumbe wa hila, sasa hapakuwa na wa kusema.

Binti yetu, aliyekuwa likizo, ndiye aliyewaambia kwamba simu si shahidi pekee. Kampuni ya simu nayo hutunza kumbukumbu zake: laini ilirudishwa saa ngapi, kwa wakala gani, fedha zilitolewa wapi. Kumbukumbu hizo hapewi mtu binafsi kwa kuomba tu dirishani. Hupitia polisi, kwa barua. Ilichukua miezi minne, na kwa mtu anayenyooshewa kidole hiyo ni miaka. Majibu yalipokuja yalionyesha kwamba laini ilirudishwa katika mji mwingine kabisa saa 10 jioni, saa ambayo mama yule alikuwa mbele ya macho ya kwaya nzima, kwenye mazoezi. Jina lake likasafishika. Fedha hazikurudi, na kikundi kilikuwa kimekwisha kuvunjika. Mpaka leo wako wawili au watatu ambao wakimpita njiani hutazama kando.

Siku hizi mambo yamebadilika kidogo. Laini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, na zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa tarehe 20 Januari 2020. Ukibonyeza *106# utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na ukiikuta usiyoijua uende ukaifute. Ule ujumbe maarufu wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unaweza kuupeleka kwa namba 15040, ambayo TCRA imeitenga kwa kazi hiyo. Lakini wezi nao husoma. Taarifa za TCRA za miaka ya karibuni zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa mbele kwa majaribio ya ulaghai wa simu, na Rukwa si mbali na hapa.

Tulidhani binti atarudi likizo na maneno mazito tusiyoyaelewa. Kumbe alirudi na michezo. Jioni moja alimketisha bintiye mbele ya kompyuta, akamwambia aandike neno Ilomba. Kompyuta ikatoa mstari mrefu wa herufi na tarakimu 64. Akamwambia aandike tena, ila aanze na "i" ndogo. Mstari wote ukabadilika, haukufanana na wa kwanza hata kidogo. Mtoto alicheka, akajaribu majina ya ukoo mzima na la paka pia. Mama yake akatueleza kwamba huo mstari ni kama alama ya kidole ya maandishi. Mchunguzi akipokea simu au diski, hafanyi kazi juu ya kitu chenyewe. Huunganisha kifaa maalumu kinachoruhusu kusoma tu bila kuandika, akatoa nakala kamili, kisha hupata alama ya kidole ya kile cha asili na ya ile nakala. Zikilingana, nakala ni ya kweli. Miaka miwili baadaye wakili akisema mahakamani, "Nyinyi mmebadilisha ujumbe huu," alama hupigwa upya mbele ya wote. Hata nukta moja ikiwa imeongezwa, haitalingana.

Ukiacha hayo, kuna daftari, na hapo ndipo mama wa nyumba hii alipokubali kwamba masomo haya ni ya mwanamke. Kila anayeigusa ile simu huandikwa: nani alimpa nani, tarehe gani, saa ngapi, ilifungwa kwenye bahasha ya namna gani, sahihi yako wapi. Simu yenyewe huwekwa katika mfuko unaozuia mawimbi ili mtu aliye mbali asiweze kuifuta. Siku moja tu isipoandikwa, kielelezo hutiliwa shaka. Ni nani anayejua kutunza daftari la namna hiyo kuliko mwanamke aliyewahi kutunza fedha za rambirambi?

Tena hesabu ndogo ndizo zimewahi kufichua makubwa. Mwaka 1986 huko California, Marekani, mtaalamu wa nyota aitwaye Clifford Stoll alipewa kazi ya kutafuta kwa nini hesabu za matumizi ya kompyuta za maabara ya Lawrence Berkeley hazifungani kwa senti 75. Wengine wangezipuuza. Yeye alizifuata kwa miezi mingi, mpaka nyayo zikamfikisha kwa kijana wa Kijerumani, Markus Hess, aliyekuwa akiingia kwenye kompyuta za jeshi la Marekani na kuuza alichokipata kwa majasusi wa Urusi ya Kisovieti.

Hadithi nyingine ya darasani kwao ilitunyima usingizi. Katika mji wa Wichita, jimbo la Kansas, mtu mmoja aliwaua watu 10 kati ya mwaka 1974 na 1991, na alikuwa na desturi ya kuwaandikia polisi na magazeti kuwadhihaki. Mwaka 2005 alipeleka diski kwenye kituo cha televisheni. Alikuwa amehakikisha ndani yake hamna jina lake. Lakini wachunguzi waliyakuta mabaki ya hati iliyokuwa imefutwa, na katika mabaki hayo jina Dennis pamoja na jina la kanisa moja la Kilutheri la pale mjini. Dennis Rader alikuwa mwenyekiti wa baraza la kanisa hilo, mume wa mtu na baba wa watoto wawili. Alikamatwa Februari mwaka huohuo, na mwezi Juni akakiri. Miaka 31 ilikuwa imepita tangu mauaji ya kwanza.

Kwa nini kilichofutwa kilionekana? Binti alitueleza kwa kitabu cha nyimbo. Mara nyingi kufuta ni kuchana ukurasa wa yaliyomo tu. Nyimbo zenyewe bado zimo, ila hujui ziko ukurasa gani, na zitabaki mpaka mtu aandike mengine juu yake. Alitahadharisha pia kwamba sivyo kila mahali. Simu za siku hizi hufunga kila kitu kwa maandishi ya siri, na kilichofutwa humo kinaweza kisirudi kamwe. Kwa hiyo asiwepo mama wa kufuta leo kwa matumaini kwamba mtaalamu atafufua kesho.

Na hapa ndipo penye uchungu wa jambo lenyewe, wapenzi wasomaji. Mambo mengi yanayompata mwanamke au binti kwa njia ya simu humjia pamoja na aibu. Ni matusi ya usiku, au vitisho vya mtu aliyeachwa, au picha alizotumiwa mchumba zamani na sasa zinageuzwa fimbo ya kudai fedha. Jambo la kwanza ambalo mkono unataka kufanya ni kufuta. Mama akikuta uchafu huo kwenye simu ya bintiye huifuta huku machozi yakimtoka, pengine akaipiga simu ukutani, kisha humwambia mtoto asimwambie baba yake. Anaufagia uwanja. Hafanyi hivyo kwa ujinga, la hasha. Anafanya kwa upendo, kwa maana anataka kitu kile kisiwepo duniani. Lakini kitu kile kingali katika simu ya mkosaji. Kilichopotea ni cha upande wa mtoto tu.

Sheria yenyewe ipo. Zamani mahakama zetu zilisita sana mbele ya ushahidi uliotoka kwenye kompyuta, kwa sababu Sheria ya Ushahidi ni ya mwaka 1967, wakati ambapo hati ilikuwa karatasi. Ilirekebishwa mwaka 2007, na mwaka 2015 zikaja mbili kwa pamoja, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki na Sheria ya Makosa ya Mtandao. Hii ya pili ilipigiwa kelele nyingi, hasa kwa kifungu chake cha habari za uongo, na sisi tunaona baadhi ya kelele hizo zilikuwa na haki. Lakini humo humo ndimo ulimo ulinzi dhidi ya ulaghai wa kompyuta, usumbufu wa mtandaoni na picha chafu za watoto. Ile ya kwanza haisemi kwamba ujumbe wa simu utakubaliwa hivi hivi. Inamtaka hakimu apime: ulitengenezwaje, ulitunzwaje, haukuchezewa, na aliyeutuma alitambuliwaje. Maswali hayo manne yanahitaji mtu wa kuyajibu akiwa amesimama kizimbani, amekula kiapo. Ndiyo sababu watu wanakwenda mpaka uzamili. Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya kwanza ya fani hii, na Chuo cha Uhasibu Arusha kina uzamili wa usalama wa taarifa, kwa hiyo safari ya elimu hiyo inawezekana bila kuvuka bahari.

Tena fikirini ni nani atakayeishika ile simu. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na akina mama wengi wamelipenda kwa sababu mara nyingi humkuta askari mwanamke. Simu ikitoka pale inakwenda kwa mtaalamu, naye atayaona yote yaliyomo: picha, mazungumzo na mume, maombi yaliyoandikwa usiku wa manane. Binti anasema wanafundishwa kutazama yale tu yanayohusu kesi, na tangu mwaka 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sawa. Hata hivyo, mama mwenye binti wa miaka 16 atakuambia angelala vizuri zaidi akijua kwamba aliyeishika simu ile naye ni mama.

Tumemwomba binti atuambie la kufanya siku ya shida, kwa lugha ya jikoni, naye alisema hivi. Usifute, na usimpe fundi. Simu ya pembeni ikiwepo, piga kwayo picha ya ile skrini, namba ya mtumaji ionekane pamoja na tarehe na saa, lakini usidhani picha hiyo inatosha. Ujumbe wenyewe ubaki ulipo. Andika kwenye karatasi yaliyotokea siku hiyohiyo, kabla kichwa hakijaanza kupanga upya. Usimjibu mkosaji kwa matusi, kwa kuwa nayo yatasomwa. Na ikiwa ni picha ya mtoto, usiitume kwa shangazi wala kwa kundi la wazazi "ili waone", maana kuisambaza ni kosa kisheria hata kama moyo wako ni safi. Peleka simu, na mtoto mwenyewe umshike mkono.

Gharama yake nyumbani haikuwa ndogo, na tusiifiche. Upande wa mkwe wetu walikuwapo waliouliza, "Ni mke gani huyo, yeye Arusha, mume Mafinga, watoto Mbeya?" Shangazi mmoja alifunga safari mpaka kwetu kuja kutuonya kwamba tunaivunja ndoa kwa mikono yetu. Tulimpikia, tukamsikiliza mpaka mwisho. Mkwe ndiye aliyemjibu, kwa heshima: "Shangazi, mimi nilipokwenda kusoma diploma, mke wangu alibaki na mimba na shamba. Hakuna aliyekuja kuuliza ni mume gani huyu." Shangazi alinyamaza, ingawa hatudhani alikubali.

Yule mdogo ndiye aliyetupa kazi. Miezi ya kwanza alikuwa akiikimbilia simu kila ikilia, na mama yake asipokuwa yeye, analia. Mwezi Juni, baridi ya Mbeya ilipokaza, alishikwa na nimonia, akalazwa siku tatu. Mama yake alipanda basi Arusha usiku, akapita Babati, Dodoma na Iringa, akafika hospitali na begi la vitabu begani. Alikaa siku nne. Alitaka kuacha masomo, na alisema hivyo mara mbili. Baba yake hakumshawishi abaki wala aondoke. Alimwambia tu kwamba mtoto anakula sasa, na kwamba basi la alfajiri lina nafasi. Alikwenda. Mtoto alikataa kuzungumza naye kwa simu wiki nzima, kisha akasahau kwamba amekasirika.

Hivi sasa amemaliza masomo ya darasani na anaandika tasnifu. Amechagua kuchunguza jinsi vikundi vya akina mama vinavyotunza kumbukumbu za fedha zao kwenye simu, na jinsi kumbukumbu hizo zinavyoweza kufikishwa mahakamani zikiwa bado zina nguvu. Alipokuja kukusanya habari, mtu wa kwanza kumtembelea alikuwa yule mweka hazina wa mwaka 2018. Walikaa uani kuanzia saa 3 asubuhi mpaka jua likapinda. Mama yule alikuja na daftari lake la zamani, kurasa zote zimo, kila shilingi imeandikwa kwa mkono wake. Alilitunza miaka yote hiyo bila kuombwa na mtu.

Ada ya muhula wa mwisho haijatimia. Mkwe amesema atakuja mwisho wa mwezi na sehemu yake, na sisi tumekwisha kuzungumza na mnunuzi wa viazi.